Mawe Chini ya Magurudumu: Armagh, Tenga na Igandu

Jumamosi tarehe 25 Mei 2002, karibu na Tenga, kilomita zipatazo 40 kutoka Maputo, treni iliyochanganya abiria na mizigo ilipata hitilafu ikasimama penye mteremko. Mabehewa ya abiria yalifunguliwa kutoka kwenye mabehewa ya saruji, na ili yasisogee yakawekewa mawe chini ya magurudumu. Mawe hayakushika. Mabehewa yaliporomoka yakagonga yale ya mizigo, na watu karibu 200 wakapoteza maisha.

Siku 30 baadaye, Jumatatu tarehe 24 Juni, treni ya abiria ya Shirika la Reli Tanzania (TRC) ilikuwa ikipanda kilima cha Igandu kuelekea Dodoma ikiwa na watu zaidi ya 1,200. Ilipata tatizo la breki na kusimama kilimani, kisha ikaanza kurudi nyuma. Haikuzuilika tena. Iliteremka kwa kasi iliyozidi kuongezeka hadi ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa ikiifuata kwenye njia hiyohiyo. Walikufa watu 281. Hakuna ajali ya reli iliyoua watu wengi zaidi katika historia ya Tanzania.

Nchi mbili jirani, mwezi mmoja, na ajali mbili zinazofanana mno: mabehewa yaliyojaa watu yanarudi nyuma mlimani bila kitu cha kuyashika. Mtu anayesoma historia hawezi kupita hapo bila kuuliza kama jambo hili lilikuwa limewahi kutokea kwingine. Lilikuwa limetokea. Tena lilitokea miaka 113 kabla, na likabadilisha sheria za reli.

Tarehe 12 Juni 1889, treni ya matembezi iliondoka mji wa Armagh, kaskazini mwa Ireland, ikiwapeleka watoto wa shule ya Jumapili na jamaa zao ufukweni Warrenpoint. Watu walikuwa zaidi ya 900 katika mabehewa 15. Dereva, Thomas McGrath, alilalamika kituoni kwamba mzigo ulikuwa mkubwa kuliko alioambiwa. Malalamiko yake hayakubadilisha kitu. Injini iliishiwa nguvu ikakwama kilimani, ikiwa imebakiza hatua chache tu kufika kileleni. Afisa wa kampuni aliyekuwa na mamlaka ndani ya treni hiyo, karani James Elliott, alikuwa na njia mbili. Angeweza kuisubiri treni ya kawaida iliyokuwa nyuma yao kwa dakika 20 hivi, iwasukume. Au angeigawa treni, sehemu ya mbele ipelekwe kituo kinachofuata na injini irudi kuchukua iliyobaki. Akachagua kuigawa.

Hapa lazima tueleze breki zilivyofanya kazi, maana hoja yote imesimama juu ya breki. Treni ile ilikuwa na breki za kunyonya hewa za aina ya zamani. Injini ilinyonya hewa kwenye bomba lililopita chini ya mabehewa yote, na mnyonyo huo ndio uliobana magurudumu. Bomba likikatika, hewa inaingia na breki zinaachia. Kwa hiyo, mara tu mabehewa 10 ya nyuma yalipofunguliwa, hayakuwa na breki yoyote isipokuwa ile ya mkono katika behewa la mwisho, pamoja na mawe waliyoyaokota kando ya reli. Sehemu ya mbele ilipojaribu kuondoka ilirudi nyuma kidogo tu, ikayasukuma mabehewa, na mawe yakapondeka. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Treni ya nyuma nayo ilikuwa tayari njiani, kwa sababu kampuni ilitenganisha treni kwa kuhesabu dakika, bila kwanza kuhakikisha kwamba njia ya mbele ni tupu. Watu wapatao 80 walikufa, wakiwemo watoto wengi.

Aina nyingine ya breki ilikuwepo wakati huo na ilijulikana vizuri. Hiyo hufanya kazi kinyume cha ile ya zamani: bomba likikatika, breki zinabana zenyewe. Wakaguzi wa serikali ya Uingereza walikuwa wamezishauri kampuni kwa miaka mingi ziitumie, lakini ushauri si amri, na breki mpya ziligharimu fedha.

Nani aliwajibishwa? Elliott alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama halikuafikiana, na kesi iliporudiwa akaachiliwa huru. Hakuna mkurugenzi wa kampuni aliyepanda kizimbani. Ukiishia kwenye kesi, utasema haki haikutendeka. Lakini tarehe 30 Agosti 1889, chini ya miezi mitatu baada ya ajali, sheria mpya ya reli ilipitishwa. Kuanzia hapo serikali ilikuwa na mamlaka ya kuzilazimisha kampuni kufunga breki zinazojibana zenyewe katika kila treni ya abiria, na kutoruhusu treni kuingia kipande cha njia kabla ile ya mbele haijakitoka. Naona sheria hii ilijibu swali la uwajibikaji vizuri kuliko hukumu yoyote ambayo Elliott angepewa. Bunge lilikiri kwamba kosa la karani lilikuwa na maana tu kwa sababu watu waliokaa ofisini waliacha mlimani treni ambayo usalama wake ulitegemea mawe.

Turudi kwetu. Kufikia 2002, breki zinazojibana zenyewe hazikuwa jambo geni tena kwenye reli zetu. Basi kwa nini mawe yalirudi Tenga? Jibu la kiufundi ni kwamba breki ya hewa haidumu milele. Injini ikishafunguliwa, hewa huvuja taratibu, na baada ya muda mabehewa huwa hayana mshiko wowote. Ndiyo maana kila reli inahitaji breki za mkono zinazofanya kazi, kabari halisi za chuma au mbao, na wafanyakazi waliofunzwa kuzitumia. Vitu hivi ni rahisi ukilinganisha na bei ya injini, lakini ndivyo vya kwanza kusahauliwa fedha zinapopungua, kwa kuwa upungufu wake hauonekani mpaka siku treni itakaposimama mlimani. Kwa hiyo anayeokota jiwe kando ya reli anaweza kuwa mzembe, lakini pia anaweza kuwa mtu ambaye hakuachiwa kitu kingine mkononi.

Tofauti kubwa kati ya Armagh na Afrika Mashariki, kwa maoni yangu, iko kwenye umiliki. Kampuni ya Armagh ilikuwa mali ya watu binafsi, na mkaguzi aliyekuja kuchunguza alitumwa na serikali. Mkaguzi hakuwa na hisa katika makosa aliyoyachunguza. Kwetu, tangu enzi za ukoloni, reli ilikuwa mali ya serikali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika la pamoja liligawanywa, na kila nchi ikabaki na shirika lake la umma. Serikali ikawa mmiliki anayetoa bajeti, mwajiri wa dereva, na pia anayeunda tume ya kuchunguza ajali ikitokea. Tume ya namna hiyo inaweza kuwa na watu waadilifu kabisa, lakini swali la kwa nini bajeti ya matengenezo ilikuwa ndogo linamgusa aliyewateua. Swali la dereva alifanya nini saa hiyo halimgusi. Si ajabu la pili likaulizwa kwa sauti zaidi.

Tanzania ilianza kuzitenganisha kazi hizo. Mamlaka ya udhibiti, SUMATRA, ilianzishwa kwa sheria ya 2001 na kuanza kazi 2004. Mwaka 2019 nafasi yake katika usafiri wa nchi kavu ikachukuliwa na LATRA. Kwa upande wa uendeshaji, reli ilikabidhiwa mwekezaji kutoka India mwaka 2007, na mkataba huo haukudumu. Kenya na Uganda walikuwa wametangulia kwa mkataba wao wa 2006, nao ukavunjika 2017. Sitaingia katika mjadala wa ubinafsishaji, ila nauliza jambo moja: kati ya serikali yenye reli na mwekezaji mwenye mkataba wa miaka kadhaa tu, nani anafunga breki ambazo faida yake ni ajali isiyotokea?

Kuna wanaopinga hoja ya namna hii wakisema kwamba lawama ikigawanywa kwa kila mtu, haimshiki yeyote. Ni pingamizi zito. Lakini kugawa lawama si kuisambaza sawasawa kama uji. Dereva anajibu kwa alichokiona na alichoweza kukifanya. Mhandisi anajibu kwa saini aliyoweka kwamba behewa linafaa kusafiri. Mkurugenzi anajibu kwa ripoti za hitilafu alizoziweka mezani bila kuzitendea kazi. Waziri naye ana jibu lake la kisiasa, ambalo halihitaji hakimu. Nchini India, mwaka 1956, Lal Bahadur Shastri alijiuzulu uwaziri wa reli baada ya ajali ya Ariyalur, ingawa hakuna aliyedai kwamba yeye ndiye aliyeharibu njia. Huku kwetu mfano wa aina hiyo ni adimu.

Sisi Wakenya tusijione watazamaji. Januari 1993, treni ya abiria iliyokuwa ikienda Mombasa ilitumbukia mtoni Ngai Ndethya baada ya mafuriko kubomoa daraja, na zaidi ya watu 100 wakafa. Msemo uliokuwa tayari midomoni ni ule wa ajali haina kinga. Mvua kweli ni ya Mungu, lakini kulikagua daraja usiku wa mvua kubwa ni kazi yenye mshahara, yenye taa na yenye ratiba. Anayetaka kujua nani awajibike kwa Ngai Ndethya aanze kwa kuuliza kazi hiyo ilikuwa ya nani usiku ule, alikuwa na nini mkononi, na alipewa na nani.