Kufukuza fundi wa zamani na kuandika kijana mwenye diplome: sheria ya kazi inasema nini?

Ni jambo lenye kuonekana katika miji mingi ya inchi yetu. Kampuni inaita mafundi wake wa umeme ao wa mashini, wale wenye miaka 15 ao 20 ya kazi, inawaambia kazi imepunguka. Miezi michache kisha, vijana waliotoka kumaliza masomo wanaingia kwa mlango uleule.

Sheria ya kazi ya Congo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyogeuzwa sehemu fulani na sheria 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, haiachi mkubwa wa kazi afukuze vile anapenda. Kontra isiyo na mwisho inavunjwa tu juu ya mwenendo wa mtumishi, uwezo wake, ao mahitaji ya kampuni. « Kazi imepunguka » iko katika hayo ya tatu, na hapo ndipo artikle 78 inaingia. Mkubwa wa kazi anapaswa kwanza kuandikia wajumbe wa watumishi, ili nao watoe mawazo yao. Kufukuza watu wengi kwa mara moja kunakatazwa, isipokuwa kwa ruhusa inayopangwa na waziri wa kazi.

Kuna pia utaratibu wa nani anatangulia kutoka. Wa kwanza ni mwenye uwezo mdogo katika kazi ile. Kama uwezo ni sawa, anatoka yule mwenye miaka michache kazini. Aliyeoa ao aliyeolewa anaongezewa mwaka mmoja, na mwaka mwengine kwa kila mtoto anayemlisha. Tuseme mafundi wawili wako sawa kwa uwezo: mmoja ana miaka 12 kazini, mke na watoto wanne, mwengine ana miaka 16, bila mke wala mtoto. Wa kwanza anahesabiwa miaka 17. Kwa hiyo ni yule wa 16 ndiye anatoka.

Na kuna haki moja ambayo watumishi wengi hawajue: aliyefukuzwa kwa njia hiyo anabaki na mwaka mzima wa kuitwa wa kwanza kama nafasi ya kazi ya aina yake inafunguka. Kijana akiandikwa katika aina ileile ya kazi mwezi wa tatu kisha fundi kutoka, kampuni ina maulizo ya kujibia. Ndiyo maana jina la kazi linaweza kugeuzwa kwa karatasi, hata kama mashini ni ileile.

Juu ya nini kampuni inapenda kijana? Ni hesabu. Mshahara unapanda pamoja na miaka ya kazi. Mkubwa wa kazi analipa pia matunzo ya hospitali kwa mtumishi, bibi yake na watoto. Kijana bila familia ni bei ndogo. Anaweza kuwekwa katika majaribio mpaka miezi 6, kisha kupewa kontra ya muda usiopita miaka 2, inayorudiliwa mara moja tu. Kijana hana kosa, naye ametafuta kazi siku nyingi. Lakini diplome haimfundishe sauti ya motere inayotaka kuharibika, na yule angemfundisha amekwisha kurudi nyumbani.

Mara ingine hakuna hata neno « kufukuza ». Fundi anaambiwa: « Papa, weka sinyatire hapa, ni kwa mapenzi yako. » Mfano mkubwa wa inchi hii ulitoka Katanga. Mwaka 2003 na 2004, watumishi 10.655 wa Gécamines walitoka katika mpango ulioitwa Opération Départs Volontaires, kwa pesa za Banki ya Dunia. Wengi walikuwa na miaka mingi ya kazi, na mishahara ya miezi mingi ilikuwa haijalipwa. Waliposaini kwamba wanaondoka kwa hiari, malalamiko yaliyofuata juu ya hesabu yalikuwa magumu. Karatasi ya namna hiyo haipaswi kusainiwa siku ileile inapotolewa.

Preavi nayo inahesabiwa: siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka uliotimia. Mwenye miaka 20 ana siku 154. Mwenye kulalamika anaanza kwa inspekta wa kazi, anayejaribu kupatanisha. Ikishindikana, ndipo tribinali ya kazi. Kama sababu si ya kweli, mtumishi anarudishwa kazini, ao analipwa malipo yasiyopita mishahara ya miezi 36.

Njia inaweza kuwa refu. Watumishi 168 wa zamani wa Bralima mjini Bukavu walilalamika kwamba walifukuzwa bila haki kati ya mwaka 1999 na 2003, wakati mji ulikuwa mikononi mwa RCD. Mwaka 2015 walipeleka mashitaka yao Uholanzi, inchi ya Heineken, mwenye Bralima, kwa ofisi inayochunga kanuni za OECD kwa makampuni ya kimataifa. Mapatano yalipatikana mwaka 2017. Kwa waliotoka wa kwanza, miaka 18 ilikuwa imepita.