Kipimo cha umeme wa moyo kwa mbwa wadogo: Kipi ni cha kawaida?

Anayefuga mbwa wa aina ndogo, kama Chihuahua, Pomeranian au Yorkshire Terrier, anaweza kushtuka akioneshwa karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo na kukuta mapigo hayalingani. Kwa mbwa, jambo hilo mara nyingi si ugonjwa. Kosa ni kumsoma mbwa mdogo kwa viwango vya binadamu au vya mbwa wakubwa.

Kipimo hufanywaje?

Mbwa hulazwa ubavu wa kulia, akiwa ametulia. Vibanio hubanwa kwenye ngozi ya miguu na kulowanishwa kwa spiriti au jeli ili umeme upite vizuri. Akitetemeka au kuhema, mstari hujaa mikwaruzo inayoweza kudhaniwa kuwa hitilafu ya moyo. Karatasi mara nyingi huendeshwa kwa milimita 50 kwa sekunde, mara mbili ya kasi iliyozoeleka kwa binadamu. Kasi hiyo ijulikane kwanza, ndipo mapigo yahesabiwe.

Viwango vya kawaida

Wimbi P huonesha umeme ukisambaa katika vyumba vya juu vya moyo. QRS ni vyumba vya chini, na T ni vyumba hivyo vikijiandaa kwa pigo jingine. Katika mstari wa II, unaotumika zaidi, mbwa mdogo mwenye afya huwa hivi:

- Mapigo: 70 hadi 160 kwa dakika. Mbwa wadogo kabisa hufikia 180, na watoto wa mbwa 220.
- P: upana usiozidi sekunde 0.04, kimo kisichozidi milivolti 0.4.
- Kuanzia P hadi mwanzo wa QRS: sekunde 0.06 hadi 0.13.
- QRS: upana usiozidi sekunde 0.05. Kimo cha R hakizidi milivolti 2.5, kwa mbwa wakubwa ni 3.0.
- T: inaweza kuelekea juu au chini, lakini isizidi robo ya kimo cha R.

Kwa nini mapigo hayalingani?

Mbwa akivuta pumzi, moyo huongeza kasi, akiitoa, hupungua. Kazi hiyo hufanywa na mshipa wa fahamu wa vagasi, na huonekana zaidi mbwa anapopumzika. Hata kimo cha P kinaweza kubadilika kidogo kidogo. Daktari huangalia kama kila P inafuatwa na QRS, na kama kila QRS imetanguliwa na P. Mpangilio huo ukikatika, uchunguzi zaidi unahitajika.

Kipimo hakioneshi nini?

Kipimo hiki husoma umeme tu. Ugonjwa wa valvu ya upande wa kushoto wa moyo, unaowapata sana mbwa wadogo wanapozeeka, unaweza kuwapo huku karatasi ikionekana safi. Ndiyo maana daktari wa mifugo husikiliza moyo kwanza, na akisikia mvumo huomba picha ya eksirei au altrasaundi.

Nyumbani, hesabu pumzi za mbwa akiwa usingizini. Zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, au akikohoa, kuchoka upesi au kuzimia, mpeleke kwa daktari, hata kama kipimo cha mwisho kilikuwa kizuri.