Kiteezi: Lundo la taka huporomoka kama mlima

Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya lundo la taka la Kiteezi iliporomoka na kufukia nyumba zilizokuwa chini yake. Zaidi ya watu 30 walifariki. Dampo hilo, lililofunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Wakiso, kaskazini mwa Kampala, ndilo lililokuwa likipokea taka za jiji hilo kuu la Uganda.

Waganda wamezoea kusikia maafa ya namna hiyo yakitokea kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hususan Bududa, ambako kijiji cha Nametsi kilifukiwa na udongo mwezi Machi 2010. Watafiti waliochunguza eneo hilo walitaja udongo wa mfinyanzi unaohifadhi maji, misitu iliyofyekwa, na wakazi wanaochimba sehemu ya chini ya mteremko ili kupata uwanja wa kujenga nyumba.

Taka si udongo, lakini hutawaliwa na kanuni zile zile. Lundo husimama kwa sababu vipande vyake hushikana na kusuguana. Maji yanapoingia na kukosa pa kutokea, shinikizo lake hudhoofisha mshikamano huo, na gesi ya methani itokanayo na uozo huongeza shinikizo hilo. Ukingo ukiwa mkali, mvua ya siku chache yaweza kutosha.

Kazi huanzia juu

Tiba inajulikana, na sehemu kubwa yake haihitaji mitambo ya ajabu. Ukingo hulazwa, kwa kawaida hadi mita moja ya kimo kwa kila mita tatu za mlalo, na kukatwa ngazi. Juu hufunikwa kwa udongo ulioshindiliwa ili mvua itiririke kwenye mitaro, na mabomba hutoa maji machafu na gesi kutoka ndani.

Utaratibu wa kazi ni muhimu kuliko vifaa. Taka hupunguzwa kuanzia kileleni. Anayechimba chini huondoa kile kinachozuia lundo zima, hatari inayowakabili hata waokoaji. Kupanda miti, jambo linalopendwa sana katika hotuba, husaidia dhidi ya maporomoko ya juujuu tu, kwani mizizi haifikii kina ambako lundo hukatika.

Lundo pia hutoa ishara: nyufa kileleni, uvimbe chini, chemchemi mpya ubavuni. Mirija ya kupima kimo cha maji ndani yake huwezesha onyo kutolewa mapema.

Yabaki suala la makazi. Hata lundo lililotulizwa lahitaji eneo tupu kulizunguka, ilhali waokota taka huishi karibu na riziki yao. Baada ya maafa ya Nametsi, baadhi ya manusura walihamishiwa Kiryandongo, magharibi mwa nchi. Miongoni mwao wapo waliorejea kwenye mashamba yao mlimani.