Taa za Lori na Saluti Isiyopigwa

Majuzi nilikuwa ndani ya basi, natoka Morogoro kurudi Dar es Salaam. Tulipokaribia Chalinze, lori la mizigo lililokuwa likija mbele yetu lilituwashia taa mara mbili, upesi upesi. Dereva wetu hakuuliza maana yake. Aliondoa mguu kwenye mafuta, basi likapoa, na kondakta akatuambia huku anacheka: "Tochi hiyo." Baada ya kona tuliwakuta askari wawili wa usalama barabarani kivulini, mmoja ameshika ile tochi yao ya kupimia mwendo. Tukawapita kwa adabu kama watu wanaokwenda msibani. Nusu ya abiria walishangilia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sitaki kujifanya mtakatifu.

Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu, mtumishi wa serikali mstaafu, hakushangilia. Alisema yule wa lori angepaswa kukamatwa. Kijana wa kiti cha pili alipandwa na hasira. "Akamatwe kwa kosa gani, mzee wangu? Kwa kuwasha taa zake mwenyewe? Yule amemfanya dereva apunguze mwendo. Si ndicho wanachokitaka?" Mzee akamjibu kwamba kumzuia askari asifanye kazi yake ni kosa. Ubishi ukawaka, ukaendelea mpaka Mlandizi, na hakuna aliyeshinda.

Nilipofika nyumbani nilifungua vitabu, kwa kuwa nilikumbuka kwamba ugomvi huo nimewahi kuusoma mahali. Naam, una umri wa zaidi ya miaka mia moja, na ulianzia Uingereza. Wala si jambo la mbali na sisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya zote mbili zina kifungu kinachomtia hatiani mtu anayemzuia kwa makusudi askari polisi aliye kazini, na mfano wa vifungu hivyo ni sheria ya Waingereza. Kwa hiyo yule mzee na yule kijana, bila kujua, walikuwa wakirudia hoja za mawakili wa London.

Tuanze na mwendo wenyewe. Mwaka 1865 Waingereza walitunga sheria kwamba chombo cha kujiendesha barabarani kisizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, na mtu mwenye bendera nyekundu atangulie mbele kwa miguu. Mwezi Januari 1896, katika jimbo la Kent, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alikamatwa kwa kwenda maili 8 kwa saa. Askari aliyemkamata alimfukuza kwa baiskeli. Faini ya kosa la mwendo ilikuwa shilingi moja. Mwaka huohuo sheria ililegezwa, na tarehe 14 Novemba wenye motokaa wakafanya msafara wa kusherehekea kutoka London hadi Brighton. Kabla ya kuondoka waliichana bendera nyekundu. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1903, iliyoweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kama kilometa 32. Hapo ndipo mitego ilipoanza kuwa kazi ya kila siku.

Mtego wa siku zile haukuwa na tochi. Polisi walipima kipande cha barabara, aghalabu yadi 220, ambazo ni kama mita 200. Askari mmoja alijificha mwanzoni, mwingine mwishoni, na mkononi ilikuwapo saa ya kupimia. Ukipiga hesabu utaona kwamba motokaa inayokwenda maili 20 kwa saa inahitaji sekunde 22 na nusu kukimaliza kipande hicho. Ukikimaliza kwa sekunde 18, umekwisha. Askari walijibanza nyuma ya nyua za miti, na barabara ya Brighton ilipata sifa mbaya kuliko zote.

Sasa, wenye motokaa walikuwa nani? Hapa naomba tukae kidogo, maana ndiyo sehemu ambayo masimulizi ya wapenda magari huivuka haraka. Walikuwa matajiri. Mkulima wa kijiji cha Surrey mwaka 1905 hakuwa na gari, wala jirani yake hakuwa nalo. Barabara nyingi hazikuwa na lami, na kila motokaa iliyopita ilimwachia vumbi kwenye nguo alizoanika, kuku amelala barabarani amekufa, na mama anamvuta mtoto pembeni. Mahakimu wa mashambani waliishi miongoni mwa watu hao, na hawakuwaonea huruma mabwana kutoka mjini. Mabwana nao walisema, kwa sauti kubwa na katika magazeti, kwamba mitego haiwekwi penye hatari bali penye fedha: kwenye barabara iliyonyooka, pasipo nyumba, mahali ambapo dereva yeyote ataongeza mwendo. Shutuma hiyo haikuwa uongo mtupu. Lakini kelele zote zilizotufikia ni za waliotozwa faini. Aliyepoteza kuku hakuandika gazetini.

Mwaka 1905 wenye motokaa hao walikutana katika mgahawa mmoja wa London wakaunda chama chao, Automobile Association, kwa kifupi AA. Wakazi wa Nairobi na Mombasa wanamjua ndugu yake, AA ya Kenya. Leo ukitaja AA watu hufikiria kuvutwa gari lililoharibika au kujifunza udereva. Kazi yake ya kwanza ilikuwa nyingine kabisa: kuajiri vijana wenye baiskeli, kuwapanga barabarani, na kuwafanya wawaonye wanachama kwamba mbele kuna mtego. Yaani lori letu la Chalinze, ila wao walilifanya kuwa ajira yenye mshahara.

Polisi hawakukaa kimya. Kesi ya kwanza kubwa, iliyomo katika taarifa za sheria za mwaka 1907, ilimhusu mtu aliyekuwa akizipungia mkono motokaa karibu na mtego. Majaji walimwachia. Hoja yao ilikuwa kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa motokaa zile zilikuwa zikivunja sheria alipozionya. Kumwambia mtu asivunje sheria hakuwezi kuwa kosa. Wenye motokaa walifurahi sana, na furaha yao haikudumu.

Kesi ya pili imo katika taarifa za mwaka 1910. Safari hii mshtakiwa alikuwa mlinzi wa AA, na polisi walikuja wamejiandaa. Walithibitisha kwamba motokaa zilizoonywa zilikuwa tayari zimepita kikomo, na kwamba onyo lile liliwanyima askari ushahidi waliokuwa wakiukusanya. Mlinzi akatiwa hatiani. Jaji Mkuu alikuwa yuleyule, Lord Alverstone. Mwenzake, Jaji Darling, alieleza kwamba uzito wa kosa hili uko katika nia. Kwa maoni yake mlinzi hakuwa anamwambia dereva aache kuvunja sheria. Alikuwa anamwambia angoje kidogo, avuke mtego, kisha aendelee kuivunja pale ambapo hakuna wa kumwona.

Shikeni maneno hayo ya Darling. Nitayarudia.

AA walifanya nini baada ya hapo? Kwa kweli walifanya jambo la werevu ambalo hata mimi linanichekesha. Walinzi wao walikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila mwanachama aliyebandika nembo ya chama kwenye motokaa yake. Basi wanachama wakaagizwa hivi: ukimwona mlinzi wetu naye hakupigii saluti, simama umwulize sababu. Hakuna mahakama inayoweza kumfunga mtu kwa kosa la kutopiga saluti. Onyo likageuka kuwa ukimya, na ukimya huo ulifanya kazi kwa miaka mingi. Saluti zenyewe ziliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kikomo cha maili 20 kilizidi kudharauliwa, mpaka sheria ya mwaka 1930 ikakifuta kabisa kwa motokaa ndogo. Ushindi, au siyo? Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza. Mwaka 1935 serikali ikarudisha kikomo mijini, maili 30 kwa saa, na mchezo ukaanza upya.

Narukia zama zetu, maana katikati hapana mengi ya kusimulia. Kamera zilipochukua nafasi ya saa ya mkononi, ile shutuma ya mwaka 1905 ilirudi nzima nzima: hizi ni mashine za kukusanya fedha. Na kwa kipindi fulani, hadi mwaka 2007, vikundi vya wilaya vilivyosimamia kamera viliruhusiwa kujilipa gharama zao kutokana na faini, jambo ambalo halikupunguza minong'ono. Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali iliagiza kamera za barabarani zionekane wazi, na zikapakwa rangi ya manjano. Tazameni mzunguko huo. Kile ambacho mlinzi wa AA alitiwa hatiani kwa kukifanya, serikali sasa ilikifanya yenyewe kwa ndoo ya rangi.

Ndiyo maana hasira iliwaka mapema mwaka 2011, mtu mmoja wa karibu na mji wa Grimsby alipotiwa hatiani kwa kuwawashia taa madereva wenzake kuwaonya juu ya mtego. Faini ilikuwa pauni 175, na pamoja na gharama za kesi na tozo nyingine jumla ikafika pauni 440. Magazeti yalimshika mkono. Watu waliuliza swali lilelile la kijana wa basi letu: kama mnataka tupunguze mwendo, mbona mnamwadhibu aliyetufanya tupunguze? Wengine walikumbusha kwamba mwaka 2005 majaji wa Mahakama Kuu walikataa kumtia hatiani dereva wa lori aliyewapungia wenzake mkono, kwa sababu ileile ya mwaka 1907: hakuna aliyethibitisha kwamba walioonywa walikuwa wamezidisha mwendo. Marekani nako, mwaka 2014, jaji mmoja wa shirikisho katika jimbo la Missouri aliuzuia mji mmoja usiwaadhibu wanaowasha taa, kwa hoja ya uhuru wa mtu kusema.

Nikipima yote haya, nadhani kijana ana haki kwa nusu. Askari anayejificha ili akamate, badala ya kusimama penye hatari ili azuie, amewapa wananchi sababu ya kumwona kama mtoza ushuru, na watu hawamwonei uchungu mtoza ushuru aliyekosa. Faini kwa mwenye kuwasha taa huongeza chuki hiyo, haiongezi usalama. Hata hivyo sikuweza kumpa kijana ushindi wote, na sababu si majaji wa London.

Sababu ni kwamba sijamaliza kuwasimulia safari yetu. Tulipowapita wale askari wawili, dereva alitazama kioo cha nyuma, akahesabu moyoni, kisha akakanyaga mafuta. Hatukwenda mbali tukaingia kijijini. Palikuwa na kibao cha 50. Palikuwa na watoto wa shule, sare nyeupe na bluu, wamepanga mstari pembeni wakingoja kuvuka, na mkubwa wao amenyosha mkono. Tuliwapita huku basi linavuma, upepo ukawapeperusha madaftari. Kijana wa kiti cha pili alikuwa bado anaeleza haki za dereva wa lori. Yule mzee aligeuka, akawatazama wale watoto kupitia dirisha la nyuma mpaka walipopotea, kisha akamwambia kondakta: "Mwanangu, mwambie mwenzako huku hakuna tochi."

Kondakta alidhani anapewa habari njema. Akapaza sauti kwa dereva: "Njia nyeupe!"