Watoto wa Kota, Watoto wa Kambi

Msomaji mwenzangu, ukimwuliza mtoto wa askari kwao ni wapi, atakutajia kikosi. Mimi darasa la kwanza nilianzia Ruvu, nikahamia Mlale kule Songea, na la sita likanikutia Mtabila, wilayani Kasulu. Mzee aliletewa uhamisho, sisi tukafunga magodoro. Amri haina mjadala.

Shuleni wenzangu walikuwa wakipiga Kiha, mimi natoa macho tu. Nikajiona sina bahati kuliko watoto wote duniani. Siku moja, tukiokota kuni, nikaona mabaki ya kuta za udongo, safu kwa safu. Nikamwuliza bibi mmoja jirani, "Bibi, hapa palikaa nani?" Akanijibu, "Warundi, mjukuu wangu. Palikuwa mji hapa."

Naam, palikuwa mji. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, mauaji yakaenea, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Kigoma. Mtabila ikawa kambi yao. Watoto wakazaliwa humo na kusoma kwa mtaala wa Burundi, wajiandae kurudi katika nchi ambayo wengine hawajapata kuiona! Mwaka 2012 hadhi yao ya ukimbizi ikafutwa, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya watu 30,000 wakarudishwa. Kambi ikafungwa. Baadaye eneo likawa la jeshi, kikosi cha JKT, 825 KJ.

Hapo nikanyamaza. Mimi nilihama nikijua kuna kota inanisubiri na mshahara wa mzee upo. Wao je? Hata hivyo walikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho: Kirundi na Kiha ni ndugu, kwa hiyo mtoto wa kambini aliweza kuongea na mtoto wa kijijini. Nami nikaanza kukitafuta hicho Kiha. Sikukipata kwenye daftari, nilikipata kwenye chandimu, kwa kuchekwa kila ninapokosea. Aliyenicheka zaidi ndiye akawa rafiki yangu.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, historia ya majeshi na vita imejaa majina ya wakubwa. Waliobeba magodoro hawamo. Tuwaandike sisi, maana kuta zile za udongo zinamomonyoka kila masika.