Tongoni ya Tanga na Tongoni ya Kasongo

Ukitoka Tanga mjini kuelekea kusini, kama kilomita 20 hivi, unafika Tongoni, kando ya bahari. Pana gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo za mawe ya matumbawe, ya enzi za kabla Vasco da Gama hajapita pwani hiyo mwaka 1498. Serikali ya Tanzania inayatunza.

Tongoni nyingine iko bara kabisa, kusini mwa Maniema, Kongo. Tongo ni mahame, kwa hiyo mji ulipokuwa hai hakuna aliyeuita hivyo. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliyeufanya makao yake katika miaka ya 1870, aliishi Kasongo. Wabelgiji walipouteka na baadaye kuhamisha makao ya utawala, jina Kasongo lilifuata ofisi, na mahali pa zamani pakabaki kuwa Kasongo-Tongoni.

Jeshi la Wabelgiji, likiongozwa na Dhanis, liliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, pamoja na wapiganaji wa Gongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip kabla ya kugeuka. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika vita hivyo, aliandika kuhusu vitanda vya kuchonga na magodoro ya hariri, mishumaa, sukari, mashamba ya mpunga, michungwa, mipera na mikomamanga. Orodha hiyo inavutia, lakini tusiisome peke yake: utajiri ule ulitokana na pembe za ndovu, na watu waliotekwa vijijini, wakafungwa minyororo.

Njia ya mateka hao ilipita Kabambare, kati ya Kasongo na Ziwa Tanganyika, kisha wakavushwa hadi Ujiji. Msafiri Livingstone alilazwa Kabambare miezi mingi mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu. Januari 1894 Kabambare nayo ikaanguka, na Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji aliyepigana na Wabelgiji, akakimbilia ng'ambo ya ziwa.

Nyumba za Kasongo zilikuwa za udongo, zikarudi ardhini. Ndiyo maana Tongoni ya bara haina nguzo za kupigwa picha. Miaka ya karibuni wanaakiolojia wa Kongo na wa Ulaya wamechimba hapo na kuwasikiliza wazee. Ningependa wazee wa Ujiji, Tabora na Dar es Salaam nao waulizwe, maana huko wako wajukuu wa waliopitishwa Kabambare, na hadi leo wanaitwa Wamanyema.