Lukasa: etiketi za Baluba mbele ya ordinatere

Kuko programu moja ya bure inaitwa Twine. Chris Klimas aliitoa mwaka 2009, kwa kuandika hadithi ambazo msomaji njo anachagua njia. Hadithi inakatwa vipande, na kila kipande unaweza kukipa etiketi: "vita", "mfalme", "mto". Etiketi haisimulii kitu. Inakuonyesha paka kipande ni cha aina gani, na ukiipa rangi, macho inakitambua mara moja.

Wengi wanafikiri akili hii ilizaliwa na ordinatere. Hapana. Huku kwetu Katanga, Baluba walikuwa na lukasa.

Ni kibao cha mti, cha kushika mkononi, kilichopigiliwa shanga na vipande vya chuma. Kilikuwa cha chama cha Mbudye. Wajuzi wake waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Msomaji anakishika kwa mkono wa kushoto, kidole cha kuume kinatembea juu ya shanga, naye anasimulia ao anaimba: Nkongolo Mwamba mfalme mkali, Mbidi Kiluwe mwindaji aliyetoka mbali, mtoto wake Kalala Ilunga. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa chifu na watu wake. Mstari wa shanga ni njia, safari.

Sasa, hapa njo penye utamu. Shanga haikufungwa kwa neno moja. Thomas Reefe aliandika juu ya lukasa mwaka 1977, kisha Mary Nooter Roberts na Allen Roberts mwaka 1996, na inaonekana wazi: kibao ni kimoja, masimulizi yanabadilika kufuatana na msomaji, wasikilizaji na shauri lililo mbele yao. Haikuwa mchezo, juu ya ndani yake kulikuwa cheo cha mtu na haki ya ukoo. Kwenye masomo sisi tulipewa orodha ya wafalme, wa kwanza mpaka wa mwisho, ya kukariri. Ile ni hadithi yenye njia moja tu.

Lukasa moja iko Brooklyn Museum, New York. Picha yake inapatikana kwenye intaneti, shanga unaweza kuzihesabu kwa simu. Ni kama kufungua Twine ukute etiketi zote ziko, vipande vimefutwa.

Ba ndugu wa Kabongo na Malemba-Nkulu, kwenu kungali mzee anayejua kuisoma?